Tahariri: Mita 60 zisizo na mlinzi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina kifungu cha 57, na kifungu hicho hakihitaji wakili wa kukifafanua. Ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto hairuhusiwi shughuli ya kudumu ya binadamu, wala shughuli yoyote ambayo kwa asili yake inaweza kuathiri hifadhi ya ukingo huo. Sheria imeshapita miaka ishirini. Simama leo kwenye daraja lolote la Mto Rau au Mto Karanga ndani na pembeni mwa mji wa Moshi, tupa macho juu na chini ya mto: utaona kuta za matofali, mabanda ya nguruwe, migomba, matuta ya mchicha na uzio wa mabati, vyote vikiwa hatua chache kutoka majini. Havikuota usiku. Kila ukuta una mwenyewe, kila kiwanja kina mtaa wake, na kila mtaa una mtendaji anayelipwa mshahara.

Kila masika Moshi huzungumzia mito yake kwa siku kadhaa. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu na kubomoa nyumba, viongozi wakawatembelea waathirika, kisha maji yalipokauka na mazungumzo yakakauka. Hutajwa nyumba, hutajwa barabara, hutajwa madaraja. Mimea ya kingoni haitajwi, ilhali ndiyo iliyotangulia kuondolewa, kabla maji hayajapata njia ya kuingia sebuleni kwa mtu. Tahariri hii inahusu mimea hiyo na wale waliopewa kazi ya kuilinda wakaiacha kazi.

Anayeutazama Mlima Kilimanjaro kutoka mjini huona mkanda mweusi wa msitu chini ya Kibo akaridhika kwamba kijani kipo. Mkanda huo una mwenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka 2005 msitu wote wa asili unaoizunguka ukawekwa chini ya hifadhi hiyo. Pembezoni mwa msitu kuna ile nusu maili, ukanda uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuuingilia msitu mkubwa. Ukishuka kutoka hapo, yaani kutoka kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 900 mji unapoanza, hakuna tena msitu wa kuutaja. Ni vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, mashamba mengine, shule, makanisa na nyumba. Msitu wa asili wa ukanda huo wa chini ulikatwa zamani mno kiasi kwamba hakuna mzee aliye hai anayeukumbuka.

Ulibaki mahali pamoja tu: kwenye makorongo ya mito. Miteremko yake ni mikali kwa jembe na hatari kwa ng'ombe, hivyo watu waliyaacha. Ndani yake wataalamu wa mimea wamekuta vitu ambavyo wangetegemea kuvikuta Usambara au Upare, mabaki ya uoto ulioenea zamani kwenye miguu yote ya kusini ya mlima. Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth nchini Ujerumani, aliyeichunguza mimea ya Kilimanjaro kwa miongo kadhaa, ametumia mabaki hayo kueleza kwamba mlima huu haukuzaliwa maskini wa aina za chini. Ulifanywa kuwa maskini. Ni katika bonde la namna hiyo ndipo yeye na wenzake walipopima mti wenye urefu wa mita 81.5, wa aina ya Entandrophragma excelsum, wakautangaza mwishoni mwa mwaka 2016 kuwa mrefu kuliko mti wowote wa asili uliowahi kupimwa barani Afrika. Nchi hii hutumia fedha nyingi kuutangaza mlima kwa watalii kwa urefu wa kilele chake. Mti wa asili mrefu kuliko yote Afrika umesimama chini ya kilele hichohicho, kando ya maji, na ni wananchi wachache wa Moshi wanaojua habari zake.

Mwaka 2025 timu ya Hemp ilitoa utafiti mwingine ambao ungestahili kusomwa kwa sauti kwenye kikao cha Baraza la Madiwani. Wakilinganisha ramani za kale, takwimu za sensa, picha za setilaiti na kumbukumbu za karibu aina 3,000 za mimea, walikuta kwamba kati ya mwaka 1911 na 2022 miteremko ya chini ya Kilimanjaro imepoteza asilimia 75 ya aina za asili za mimea kwa kila kilomita ya mraba. Msongamano wa watu katika kipindi hichohicho umepanda kutoka kama watu 30 hadi 430 kwa kilomita ya mraba. Walipotafuta mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika upotevu huo hawakuuona. Waliona jembe, shoka na nyumba. Mwaka walioanzia una maana yake hapa kwetu: ni 1911 reli kutoka Tanga ilipofika chini ya mlima, na mji wa Moshi tunamoishi ukaota kwenye kituo hicho.

Tunalisisitiza hilo la tabianchi kwa makusudi. Limekuwa kichaka cha kujifichia. Ofisa akiulizwa kuhusu kijito kilichokauka hutaja hali ya hewa ya dunia, na dunia haiwezi kuitwa kwenye kikao ijieleze. Theluji ya Kibo inayeyuka kwa sababu ambazo Manispaa ya Moshi haiwezi kuzizuia. Ukuta uliojengwa mita nane kutoka Mto Rau ungeweza kuzuiwa na karatasi moja.

Mito haiishii mjini. Kusini mwa mji, maji yaliyozama kwenye miteremko hutokeza tena kama chemchemi, nayo yamelisha misitu ya aina ya pekee: Njoro, Rau, na mbele zaidi Kahe. Hii ni misitu ya maji ya ardhini, inayosimama mibichi katikati ya tambarare kame kwa sababu mizizi yake imefika penye maji. Katika Msitu wa Hifadhi wa Rau, wenye ukubwa wa chini ya hekta 600, kuna mivule ambayo watu kadhaa wakishikana mikono ndipo huizunguka, kuna mikuyu, kuna mbega, na kuna msoo, mti unaopatikana sehemu chache sana duniani. Bodaboda kutoka katikati ya mji hufika hapo ndani ya dakika chache. Miji mingapi ya Afrika Mashariki inaweza kusema hivyo?

Sasa tazama ramani kama anavyoitazama ndege au mbega. Juu kuna msitu wa hifadhi ya taifa, chini kuna Rau na Kahe, na katikati kuna watu zaidi ya 400 kwa kila kilomita ya mraba. Njia pekee iliyosalia ya kuunganisha juu na chini ni kingo za mito. Mbegu za mikuyu hubebwa na hondohondo na nyani kutoka mti hadi mti, nyingine husafiri na maji ya masika zikatua kwenye mchanga kilomita kadhaa chini. Ukikata ukingo mahali pamoja, hujaondoa miti ya mahali pale tu. Umeifungia Rau isipokee tena mbegu kutoka mlimani, na msitu mdogo usiopokea mbegu hupoteza aina moja baada ya nyingine bila kelele.

Watu wengi hudhani adui wa mimea ya kingoni ni shoka. Lipo, lakini katika mji shoka si baya kuliko lami. Udongo wa volkano wa Kilimanjaro hunywa maji vizuri, na mvua iliyonyesha kwenye kihamba huzama, ikaufikia mto taratibu kwa siku na wiki. Mvua hiyohiyo ikinyesha juu ya bati, saruji na lami hukimbilia mtaro, na mtaro hutema yote mtoni kwa dakika chache. Mto unaopigwa hivyo mara kwa mara huchimba kitako chake. Unashuka. Maji ya ardhini kandokando nayo hushuka yakiufuata, na kingo zilizokuwa na unyevu mwaka mzima hubaki juu, zikiwa kavu kama uwanja wa mpira ifikapo Septemba. Watafiti waliochunguza vijito vya mji wa Baltimore nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliona jambo hilohilo: kingo za mjini zinaugua ukame huku mto unafurika.

Mkuyu mzee huweza kustahimili, kwa kuwa mizizi yake iko mbali. Mche wa mkuyu hauwezi. Ndiyo maana mtu anayepita juu ya daraja akaona miti mikubwa miwili mitatu hudhani msitu upo. Ainame aangalie chini ya miti hiyo. Mara nyingi hatakuta mche hata mmoja wa aina iliyo juu yake. Atakuta mbarika, lantana, mlusina na mabingobingo yaliyopita urefu wa mtu. Ile miti ni wazee waliobaki kijijini baada ya watoto wote kuondoka. Itakufa mmoja mmoja kwa uzee, na siku mti wa mwisho utakapoanguka hakuna atakayeshtakiwa kwa sababu hakuna aliyeukata.

Magugu hayo hayaji bure. Maji machafu na kinyesi cha mifugo huujaza udongo wa kingo mbolea nyingi kupita kiasi, na mbolea nyingi huwapendelea wachache wanaokua haraka. Takataka zinazotupwa mtoni hubeba mbegu za bustani. Uzio wa maua wa mwaka jana ndio kichaka cha ukingoni cha mwaka huu. Na kuna mtego hapa ambao wenye kuandika ripoti tunawaomba wasiingie: mtu akihesabu kila kinachoota kwenye ukingo wa mjini anaweza kupata idadi kubwa kuliko ya korongo la asili, maana mji hukusanya magugu ya mabara yote. Idadi hiyo ikiandikwa kwenye jedwali itaonekana kama ushindi. Kinachotakiwa kuhesabiwa ni aina za asili za ukingo, na kati ya hizo, zile zenye miche.

Chukua mti mmoja tu, msesewe, ambao wataalamu huuita Rauvolfia caffra. Ni mti wa kando ya maji. Mchagga yeyote aliyekulia penye mbege, pombe ya ndizi, ameuonja hata kama hajawahi kuuona umesimama, kwa sababu gome lake ndilo huipa mbege uchungu wake. Gome huchunwa kwa panga. Mchunaji mwenye adabu huchukua kipande upande mmoja wa shina akauacha mti upone. Asiye na adabu huzungusha panga shina zima, na mti hufa ukiwa umesimama. Msesewe uliobaki karibu na makazi huonekana kwa makovu yake, kuanzia usawa wa goti hadi mkono wa mtu unapofika. Zamani misesewe ilikuwa mingi kando ya mito kiasi kwamba uchunaji haukuwa tatizo. Ukingo ukibaki na mitatu, wachunaji wote wa mtaa huishia kwenye mitatu hiyo. Waheshimiwa wanaopenda mbege, nao si wachache, wana maslahi ya moja kwa moja katika jambo hili, na tunashangaa hawajaliona.

Kihamba chenyewe kinaonyesha kwamba watu na mimea wanaweza kukaa pamoja. Hemp aliwahi kuhesabu zaidi ya aina 500 za mimea kwenye vihamba vya Wachagga, na zaidi ya 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Ziliachwa zikae chini ya migomba, kahawa na mringaringa. Kwa hiyo hatusemi kwamba wingi wa watu peke yake ndio hukumu. Tunasema kihamba kilikuwa na kanuni zake, mfongo, yaani mfereji wa maji wa asili, ulikuwa na wazee wake, na aliyechafua chanzo cha maji aliitwa akajieleza. Kiwanja cha mita ishirini kwa thelathini kilichokatwa kutoka kwenye kihamba, kikazungushiwa tofali na kumwagwa zege hadi kwenye uzio, hakina mzee wala kanuni. Ofisi zilizochukua nafasi ya wazee wale zilichukua na wajibu wao.

Ofisi hizo ni zipi? Tuzitaje. Sheria ileile ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na ofisa wa usimamizi wa mazingira, na inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Bodi ya Maji Bonde la Pangani ina makao yake hapahapa Moshi, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeipa nguvu juu ya vyanzo vya maji pamoja na uwezo wa kufanya kazi na jumuiya za watumia maji. Wakala wa Huduma za Misitu ndiye msimamizi wa misitu ya hifadhi kama Rau. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina mamlaka ya kutoa amri na faini. Idara za mipango miji na ardhi hutoa vibali. Halmashauri ya Wilaya ya Moshi husimamia sehemu kubwa ya miteremko juu na tambarare chini, Manispaa husimamia katikati. Mto Rau hupita mikononi mwa karibu wote hawa kabla haujafika kwenye mashamba ya mpunga ya Moshi Chini, ambayo yalijengewa mifereji kwa msaada wa Japani miaka ya 1980 na ambayo wakulima wake hulalamikia maji kila kiangazi. Walinzi ni wengi. Mita 60 hazina mlinzi, kwa sababu kila mmoja akiulizwa huonyesha kidole ofisi ya jirani.

Manispaa ya Moshi imeshathibitisha kwamba ikitaka kusimamia jambo inaweza. Mji huu umetunukiwa mara kadhaa kwa kuwa msafi kuliko miji mingine Tanzania, na sifa hiyo haikupatikana kwa semina. Ilipatikana kwa faini. Mgeni akidondosha ganda la ndizi stendi hukamatwa na kutozwa papo hapo, awe na cheo au asiwe nacho. Tunaunga mkono ukali huo kwa moyo wote. Tunauliza tu ni kwa nini ukali unaomfuata mwenye ganda la ndizi hautoshi kumfuata mwenye kifusi cha lori zima kilichomwagwa kwenye korongo.

Zipo hoja za upande wa pili, na baadhi zina uzito. Ardhi ya Uchaggani imekwisha. Kihamba kilichogawiwa kwa vijana wanne, kisha kila mmoja akagawia wanawe, leo hakimtoshi mtu kwa nyumba na migomba. Kwenye sensa ya 2012 Manispaa ya Moshi ilikuwa na watu 184,292, na ya 2022 ikahesabu 221,733; na hao ni wa ndani ya mipaka tu, bila waliojaa Mabogini, Uru na Kibosho. Mtu anayejenga korongoni mara nyingi amekosa pa kwenda. Mama anayelima mchicha kingoni anasomesha watoto kwa mchicha huo.

Tunakubali yote hayo, na ndiyo sababu tunataka sheria ianze juu, si chini. Tumechoka kuona operesheni inayong'oa mchicha wa mjane asubuhi na kupita kimya mbele ya geti la ghorofa mchana. Mchicha hung'oka na ukingo ukapona ndani ya misimu michache. Msingi wa zege hauponi. Anayelima apewe muda, ahamishiwe mbali na maji au apewe kazi ya kuotesha miche ya kingo kwa malipo. Aliyejenga bila kibali ndani ya mita 60 abomoe kwa gharama zake. Na aliyejenga kwa kibali kilichotolewa na ofisi ya umma kinyume cha sheria ya umma alipwe, kisha aliyesaini kibali hicho aitwe aeleze aliona nini kwenye ramani siku ile.

Kuna wanaosema tusubiri. Tuwatume Jangwani, Dar es Salaam. Bonde la Msimbazi lililopo hapo liliachwa likajengwa kwa miongo, nyumba zikawekewa alama za X, zikabomolewa mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 kwa machozi, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 za kulirekebisha bonde lilelile. Nairobi nayo mwaka 2018 ilibomoa majengo ya mamilioni yaliyosimama kwenye kingo za mito, na bado mafuriko ya 2024 yalikuta watu walewale penye maji. Upande wa pili wa jiji hilohilo kuna Karura, msitu wenye mito ndani yake, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 hadi kupigwa na walinzi wa kukodiwa. Leo Karura hutembelewa kwa kiingilio na haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia kuirudisha. Moshi bado iko mahali pa kuchagua, maana makorongo yake ya juu bado yana mbegu.

Hapa tuiguse kampeni ya upandaji miti, maana itatajwa kama jibu. Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Manispaa ya Moshi haizidi kilomita za mraba 60. Gawanya mwenyewe, ni miche 250 na zaidi kwa kila hekta kila mwaka, lami na mabati yakiwemo. Lakini tatizo letu kubwa haliko kwenye hesabu hiyo. Liko kwenye kinachopandwa. Vitalu hutoa mgrivea, mkaratusi, mjohoro na mlusina kwa kuwa mbegu zake ni rahisi na miche huota haraka kabla ya siku ya mgeni rasmi. Mkaratusi kando ya chemchemi ni kosa ambalo wazee walilijua bila shahada. Mgrivea kingoni haudhuru kiasi hicho, ila hauwi msesewe, hauwi mkuyu, na mbega hapati kitu juu yake. Halmashauri inayoripoti idadi ya miche bila kutaja aina imeripoti shughuli, haijaripoti msitu.

Utaalamu haukosekani. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka kipo miteremkoni tangu mwaka 1963. Moshi ina chuo cha viwanda vya misitu. Makumbusho ya taifa ya mimea iliyokaushwa yako Arusha, safari ya saa mbili kwa basi. Vijana wa Mweka wakipewa sehemu za Mto Rau, Karanga na Njoro wazihesabu, aina kwa aina, mche kwa mche, kila mwaka kwa miaka kumi, mji huu utakuwa na kumbukumbu ambayo miji mikubwa kuliko Moshi haina. Gharama yake ni nauli, kamba na daftari.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo bila kulainisha maneno. Manispaa, Halmashauri ya Wilaya na Bodi ya Maji zikae meza moja na kuweka vigingi vya zege vya mita 60 kwenye mito yote mitatu, Rau, Karanga na Njoro, kutoka mpaka wa nusu maili hadi Msitu wa Rau, na kazi hiyo iingie kwenye bajeti itakayoanza Julai. Kuanzia siku vigingi vinapowekwa, kibali chochote cha ujenzi kisichoambatana na picha ya kigingi kilicho karibu kiwe batili. Nusu ya miche ya kila kampeni ipelekwe kingoni na iwe ya aina za kingo, mbegu zikusanywe kwenye makorongo ya juu kwa usimamizi wa Wakala wa Misitu. Mitaro mipya ya barabara isielekezwe mtoni moja kwa moja bila shimo la kuyapunguza kasi maji. Gome la msesewe lichunwe kwa ruhusa ya kamati ya mazingira ya mtaa, na kamati ionyeshe daftari lake.

Na orodha ya viwanja vyote vilivyomo ndani ya mita 60, vyenye kibali na visivyo na kibali, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya mtaa kabla ya masika ijayo, ikiwa na namba ya kiwanja, tarehe ya kibali na cheo cha ofisa aliyekisaini.